Mwaka Tulipobeba Frigo kwa Kipoyi

Habari ya msiba ilinikuta uani hapa Kibabi, nikichagua maharage ya mbegu. Aliyepiga simu alikuwa mwuguzi kijana wa zahanati ya Itebero, mtu ambaye sijawahi kumwona kwa macho, na alizungumza kwa woga wa mtu anayedhani atachekwa. Aliniambia kwamba ile frigo ya zamani, jokofu la mafuta ya taa tunayoita petroli, imekufa. Fundi ameitazama, ametikisa kichwa, na sasa wameletewa nyingine ya kutumia jua. Yeye mwenyewe angeiweka iliyokufa nyuma ya jiko wakafugie kuku ndani yake, lakini wamama wa pale walimkataza. Walimwambia kwanza amwarifu Mama Antoinette kule Masisi, kwa kuwa yeye ndiye mlinzi wa mgonjwa. Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikakaa na maharage yangu mkononi. Nililia kidogo, sitaficha. Kisha nikacheka, maana si kila mtu hupewa pole kwa kufiwa na kabati la chuma.

Wazazi wangu na ukoo wangu nitawaacha wapumzike, habari hii haiwahusu. Mwaka frigo ile ilipokuja nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mwuguzi wa pili katika zahanati hiyohiyo ya Itebero, ya vyumba viwili, na wa kwanza alikuwa Papa Safari, mtu mrefu mwenye subira ambaye alikunja mikono ya shati lake hata siku ya baridi. Chumba changu kilipakana na jiko la nje, na ukuta ulikuwa wa matete na udongo, kwa hiyo nilisikia yote yaliyosemwa na wamama waliokuja kungoja matibabu huku wakitwanga sombe, majani ya mihogo. Hivyo ndivyo nilivyojua tulivyokuwa tunadharauliwa. Chanjo ya surua ilikuwa inaletwa kwa pikipiki ndani ya sanduku lenye barafu, na barafu ile ilidumu siku chache tu. Wamama wa msituni walihitaji siku mbili tatu za kutembea ili wafike. Mara mbili tuliwaita, na mara mbili walifika wakakuta barafu imekuwa maji na dawa imeharibika. Mara ya pili nilimsikia mmoja wao nyuma ya ukuta wangu, kinu kikiwa kimenyamaza: "Mara ya tatu mi sikuje tena. Natembea siku tatu, mutoto mugongoni, ju ya kuona Papa Safari anaomba pole." Wenzake walimuunga mkono. Kinu kikaanza tena, nami nikabaki nimeshika kijiko cha lituma, ndizi za kuponda, ambacho sikukitia mdomoni.

Kwa hiyo mimi na Papa Safari tulijua kwamba tumebakiwa na mara moja tu. Tukiwaita tukawadanganya tena, hawatarudi, na surua haingoji mtu apatanishwe. Ilikuwa tayari imeingia vijiji vya upande wa pili wa mto. Wakati huohuo ikaja barua kutoka parokia ya Kibabi, huku huku ninakoishi leo: wamepata frigo mpya, ile yao ya zamani ya petroli wanaitoa bure kwa zahanati yoyote itakayokuja kuichukua. Chanjo nyingine ilikuwa imetangazwa kuja mwisho wa mwezi, frigo iwepo isiwepo. Papa Safari alinitazama akasema mtu anayegombana vizuri ndiye anayefaa kusafirisha vitu, akanituma mimi. Sijui kama ilikuwa sifa.

Jiko la parokia ya Kibabi lilikuwa chumba kikubwa chenye moshi, viazi vikichemka katika sufuria ya kuweza kuogesha mtoto, na magurudumu ya fromaji, yaani jibini, yamepangwa kwenye rafu juu ya vichwa vyetu. Nilikaa pale siku nne nikila viazi, maharage na maziwa, nikisikiliza wanaume wakibishana juu ya mzigo wangu kana kwamba sipo. Frigo ilinifika kifuani na uzito wake ulikuwa gunia zima la maharage. Fundi wa parokia, mzee mmoja mkali wa vidole vyeusi, alinieleza jambo moja akalirudia mpaka nikachoka: isilazwe. Ndani ya mabomba yake ya nyuma kuna maji na dawa ambavyo kila kimoja kina mahali pake, ukiilaza, vinachanganyika. Ikitikiswa sana, bomba linapasuka, na hakuna wa kuliunga katika jimbo zima. Na ikifika, isimame kimya mchana na usiku mzima kabla ya kuwashwa utambi. Nilifikiri wakati ule kwamba anazidisha. Leo nafikiri hakuna mtu aliyewahi kunipa maagizo ya uuguzi yaliyo bora kuliko yale.

Ndege ndogo zilizotua Walikale, upande wa Itebero, kuchukua madini ya kasiterite ya Bisie zilikwenda nusu tupu, lakini ziliweka bei kwa kilo, na wenyewe walitaka frigo ilazwe ili mlango wa ndege ufungike. Dereva wa lori alikubali kwa bei nafuu sana, akala kiazi, akasema kwa ukweli wote kwamba haahidi kama nitapokea frigo au nitapokea sahani za bati. Malori ya mwaka ule yalikaa matopeni wiki nzima na kutoka yakiwa yamelala ubavu. Ndipo mtu aliyekuwa amekaa karibu na mlango, ambaye kwa siku nne alikuwa akinyamaza na kumaliza maziwa, akasema: "Hii iko kitu ya kusimama. Chukudu inajua kubeba kitu ya kusimama." Huyo alikuwa Bahati. Niseme mapema ili msomaji asingojee: ndiye baba wa watoto wangu, na wakati huu ninapoandika amekaa palepale karibu na mlango, na maziwa bado anamaliza yeye.

Mtu wa Masisi haamini kwamba kuna mzigo ambao chukudu haiwezi. Ni gari letu la mbao, la magurudumu mawili, halina injini wala halili mafuta, na kwenye miteremko yetu linabeba mtu na magunia na bado linapita pikipiki. Bahati aliisimamisha frigo juu ya mbao, akaizungushia majani makavu ya migomba na blanketi mbili, akaifunga kwa kamba za mpira mpaka ikawa haichezi hata ukiisukuma. Juu yake nilitandika kitenge changu cha kijani kwa ajili ya mvua. Siku tatu za kwanza zilikuwa raha tupu. Tuliteremka polepole kati ya malisho na mashamba ya maharage, Bahati akikanyaga breki ya mpira kwa kisigino, mimi nikitembea kando nimeweka mkono juu ya kitenge. Tulipofika ambako milima inaisha na msitu unaanza, chukudu ilizama matopeni mpaka kwenye mhimili, na Bahati akaanza kufungua kamba. Kosa letu lilikuwa la watu wa mlimani: tulidhani njia zote duniani zina mteremko.

Akakata miti miwili mirefu, akafunga kiti cha fito katikati yake, kama kile cha kubebea mtu aliyevunjika mbavu ambaye hawezi kulala. Kwetu kitu hicho kinaitwa kipoyi. Tuliisimamisha frigo kitini, Bahati akapata wabebaji watatu, yeye akawa wa nne, tukaingia msituni. Kesho yake tulikutana na kundi la vijana waliokuwa wanakwenda kuchimba Bisie, na walivyosifia machimbo yale wakati wa kula mihogo, wabebaji wetu wawili waliaga kwa adabu na kuwafuata. Tukabaki na wabebaji wawili tu, Bahati na mwenzake mmoja, gunia la maharage lenye mabomba, na siku zinapungua. Tuliketi kando ya njia karibu na kijiji nisichokijua. Nilianza kutunga kichwani maneno ambayo Papa Safari angewaambia wamama.

Watu waliokuwa wanalima walituona. Waliona miti miwili, kiti, na kitu kimeketi kimefunikwa kitenge, na waliacha majembe wakakimbia kutujia. Wanaume wanne waliingiza mabega chini ya miti bila hata kuuliza, wa tano akasema wangetufikisha mpaka wa kijiji kinachofuata, na hapo wa huko watapokea. Wakanyanyua. Katika msitu ule mgonjwa hapiti kijijini akibebwa na watu wake peke yao. Kila kijiji kinampokea kwenye mpaka wake, kinambeba bure hadi mpaka wa mwingine, hivyo hivyo mpaka hospitali. Hawamfunui aliyefunikwa, wala hawamsumbui kwa maswali. Nilifungua kinywa niseme. Kisha nikaona jinsi walivyokuwa wanatembea: magoti laini, hatua moja, mbele wakinong'ona "jiwe" na "mzizi" ili wa nyuma wajue. Tangu Kibabi frigo haikuwahi kubebwa vizuri namna ile. Nikafunga kinywa.

Vijiji vitatu vilitubeba kwa ukimya wangu. Mbebaji mmoja alimuuliza Bahati mbona mama huyu wa kitini hasemi kitu, Bahati akajibu kwamba anavumilia, na baadaye hakutaka kunitazama. Mimi nilijiambia kwamba ninafanya hivi kwa ajili ya watoto. Ni kweli, lakini nimegundua katika maisha yangu kwamba nikianza kusema ninafanya jambo kwa ajili ya watoto, mara nyingi kuna kitu ninakificha.

Kijiji cha nne kilikuwa kikubwa, chenye kanisa la mbao na nyumba ya kupumzishia wagonjwa. Mvua ilikuwa imeanza, kwa hiyo tuliingizwa humo, kipoyi kikawekwa juu ya magogo mawili, na mwanamke mmoja mnene wa makamo akaingia na bakuli la uji. Jina lake Mama Sifa, ndiye aliyelisha wagonjwa wote waliopita pale. Alichuchumaa, akasema pole mama, akaingiza mkono chini ya kitenge kutafuta mkono wa mgonjwa ili aushike. Akagusa chuma. Akafunua. Frigo ilisimama mbele yetu, nyeupe, na mlango wake wenye kitasa. Mama Sifa hakupiga kelele. Aliweka uji chini, akaniangalia mimi, akatoka kumwita Papa Bonane.

Papa Bonane alikuwa mkuu wa chama cha kipoyi, mwanaume mfupi aliyevaa koti la mvua na kubeba daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Alinieleza taratibu kosa langu, na ule utaratibu wake uliniumiza kuliko kupigwa. Zamani, alisema, mfanyabiashara mmoja alificha chumvi chini ya blanketi, akaomboleza njia nzima, vijiji vikambebea. Tangu siku ile sheria ni moja: kijiji kinachopitisha bidhaa kwa jina la mgonjwa, watu wake hawabebwi tena. "Hapana weye peke yako," aliniambia. "Batu yote ya Itebero. Mugonjwa wao akifika kwa mupaka, atabaki kwa mupaka." Nikaelewa nilichokuwa nimecheza nacho. Nilikuwa nimekuja kuokoa watoto kwa surua, na sasa wanawake wa Itebero watakaoshindwa kuzaa wangeachwa njiani kwa sababu yangu.

Mama Sifa alinichukua jikoni kwake wakati wanaume wakiamua barazani. Alinipa kisu na ndizi za kumenya, kwa kuwa hakuna kesi inayozuia watu kula. Tulimenya. Mvua ilipiga majani ya paa, na sauti za barazani zilipenya ukutani: mmoja akisema tuirudishe, mwingine akisema tuiache hapohapo mpaka Itebero waje waombe radhi, Bahati akisema kosa ni lake pia. Mama Sifa aliniuliza lile sanduku lina kazi gani. Nilimweleza yote, barafu, siku tatu za kutembea, dawa iliyogeuka maji, wamama nyuma ya ukuta wangu. Alimenya ndizi mbili. Halafu akasema kwamba mtoto wake wa mwisho alibebwa kwa kipoyi hichohicho, surua, wakachelewa. Walimbeba kwenda na wakambeba kurudi. Alisema hivyo akiendelea na kisu chake. Nilimwomba msamaha, na kwa mara ya kwanza tangu Kibabi nililia machozi ambayo hayakuwa ya uchovu.

Aliinuka, akafuta mikono, akaenda kusimama kwenye mlango wa baraza. Nilimfuata nyuma. "Mwanamuke wa mimba, tunamubebaka ao hatumubebake?" aliuliza. Papa Bonane akajibu kwamba anabebwa, kila mtu anajua. "Iko mugonjwa?" Papa Bonane akasema hapana, si lazima awe mgonjwa. "Basi. Tunamubeba ju ya kile iko ndani yake. Hii nayo, munaona, ndani yake haiko tupu. Kutakuwa batoto." Akarudi kwenye ndizi zake. Mpaka leo sijasikia wakili aliyesema maneno machache kuliko hayo akashinda.

Papa Bonane akatoa daftari. Aliniuliza maswali yote anayoulizwa mlinzi wa mgonjwa, na hakucheka hata mara moja: anatoka wapi, anakwenda wapi, mimba ina miezi mingapi. Nilisema iko karibu. Akaandika. Lakini uongo wangu ulikuwa na adhabu yake, nayo ilikuwa sehemu mbili. Kwanza, kutoka pale hadi mpaka wa kijiji kinachofuata nitabeba mimi mwenyewe, bega la mbele kulia, ingawa wanawake hawabebi kipoyi. Pili, akishajifungua nitarudi kwa miguu kijiji kwa kijiji, hata vile vitatu vya kwanza, kusema ukweli na kupeleka habari. Maana mlinzi wa mgonjwa asiporudisha habari, waliobeba wanabaki na mzigo begani, akasema. Nilikubali kabla hajamaliza.

Asubuhi tulikula ndizi na samaki wa moshi, nikaingiza bega chini ya mti. Sijawahi kubeba kitu kizito namna ile, na ninahesabu mimba zangu tano. Mbele yangu njia yote ilikuwa mizizi. Nilijifunza kulegeza magoti na kunong'ona "mzizi", na nyuma yangu nilisikia Bahati akiupokea, kisha wa nyuma yake. Mama Sifa alitembea kando akiushika mkono wa frigo, yaani kitasa, kwa sababu alisema mwenye mimba haachwi peke yake. Tulipofika mpakani ngozi ya bega ilikuwa imetoka. Vijiji vilivyofuata vilipokea kwa ukweli wote, wanaume wakicheka hadi kushika magoti, kisha wakibeba kwa upole uleule. Hakuna aliyekataa.

Itebero tuliifikia siku mbili kabla ya pikipiki ya chanjo. Papa Safari alitaka kuwasha mara moja, nikamkatalia kama nilivyofundishwa na yule fundi. Frigo ilisimama chumbani kwangu mchana na usiku mzima, mimi nikilala kwenye mkeka miguuni pake, nikimkemea kila aliyefunga mlango kwa nguvu. Kisha tukajaza petroli, tukawasha utambi, tukaona mwali wa buluu. Kesho yake Papa Safari aliingiza mkono ndani, akautoa, akauweka shavuni pangu. Ulikuwa baridi kabisa. Wamama waliitwa kwa mara ya tatu. Wengine hawakuja, siwalaumu. Waliokuja walifika siku ya nne, ya tano, hata ya saba, na dawa ilikuwa bado inawangoja. Yule aliyeapa nyuma ya ukuta wangu alikuja siku ya saba. Alisema alikuwa anapita tu.

Nikarudi kupeleka habari kama nilivyoahidi, na Bahati akasema njia ni ndefu kwa mtu mmoja. Kila mpakani nilisimama nikasema ukweli, nikatukanwa kidogo katika vile vitatu vya kwanza, nikapewa chakula katika vyote. Kwa Papa Bonane nilisema amejifungua salama. Akaandika. Mama Sifa alitaka kujua batoto bangapi, nami nikamwambia bado anazaa. Kwa miaka yote iliyofuata, kwenye vita na kwenye utulivu, sikuwahi kupata jibu lingine la kumpa. Nimefanya kazi za heshima zaidi tangu wakati ule, nimevaa koti jeupe mbele ya watu wakubwa, lakini nikiulizwa lini nilikuwa mwuguzi, huukumbuka mwaka ule.

Kwa hiyo jana, baada ya maharage, nilimtafuta Papa Bonane kwa simu. Ni mzee sasa, na daftari linashikwa na binti wa Mama Sifa, ambaye mama yake alishatangulia. Nilimweleza kama inavyotakiwa: mgonjwa wetu wa Itebero amefariki, alikuwa mzima mpaka mwisho, hakuteseka. Akanipa pole. Nilisikia akiwaeleza watu waliokuwa naye, na wao wakijibu kwa sauti ya chini.

"Sasa, Mama Antoinette," akasema, "ule tulibeba akienda, ndiye tutamubeba akirudi. Kwao ni Kibabi. Vijana wanauliza ni siku gani."

Niligeuka kumwambia Bahati. Alikuwa ameshasikia, maana simu zetu za siku hizi zinapiga kelele, na alikuwa ukutani akishusha buti zake za mpira. Nikalishika bega langu la kulia, penye kovu, nikamwambia Papa Bonane kwamba kutoka kwake mpaka mpakani nitabeba mimi.